Busisi: Stesheni Isiyokuwa na Reli

Ukimuuliza mtu wa Sengerema stesheni ya treni ya wilaya yao iko wapi, atakucheka. Reli haijapata kupita Sengerema. Mjerumani hakuileta, Mwingereza hakuileta, na sisi wenyewe baada ya uhuru hatukuileta. Mtu wa huku akitaka kupanda treni, ilimbidi kwanza ayavuke maji, aingie Mwanza mjini, ndipo asikie honi. Hata hivyo mimi nasema, na msomaji univumilie mpaka mwisho, kwamba Sengerema ilikuwa na stesheni yake, tena kubwa na yenye makelele, na kwamba stesheni hiyo ilifikia mwisho wake tarehe 19 Juni 2025. Jina lake ni Busisi.

Hivi stesheni ni nini hasa? Si reli peke yake. Reli hukata pori kilometa nyingi na hapana stesheni hata moja. Stesheni ni mahali ambapo safari inalazimika kusimama. Ni mahali pa tiketi, pa foleni, pa mtu anayetazama saa kila baada ya dakika mbili, pa beseni la mayai ya kuchemsha, na pa mama aliyelala juu ya mzigo wake. Kwa kipimo hicho gati la Busisi, pamoja na mwenzake Kigongo upande wa Misungwi, lilikuwa stesheni kuliko stesheni nyingi zenye reli.

Tutazame ramani. Ziwa Viktoria likifika Mwanza linanyoosha mkono mrefu kuelekea kusini. Ndiyo Ghuba ya Mwanza. Mashariki ya mkono huo kuna Mwanza mjini na Misungwi. Magharibi kuna Sengerema, na nyuma yake Geita, Chato, Biharamulo, mpaka Bukoba. Anayetaka kwenda ng'ambo ana mawili: azunguke mbali kusini, au avuke.

Mwaka 1858 Mwingereza John Hanning Speke alishuka kando ya ghuba hii akitokea Tabora, akiwa na Sidi Mubarak Bombay, na tarehe 3 Agosti akalitazama ziwa kutoka kilimani Mwanza. Mkono ule wa maji akaupa jina la Jordans, jina la nyumba ya familia yao kule Uingereza. Yaani watu wanavuka na mitumbwi yao miaka nenda miaka rudi, anatokea mgeni wa siku chache, anayabatiza maji kwa jina la nyumba ya baba yake! Jina lenyewe halikudumu. Mitumbwi ikaendelea.

Tena ng'ambo ile haikuwa nyika tupu. Uzinza, nchi ambayo Sengerema imo ndani yake, ilikuwa na Warongo, mafundi wa kuyeyusha chuma, na majembe yao yalipata wateja mpaka Usukuma. Msukuma alilima kwa chuma cha Uzinza kabla hajaona reli. Natia mkazo hapa kwa sababu tumezoea kusimuliwa kwamba chuma kilikuja kwetu na gari moshi. Kumbe chuma kilikuwa kikisafiri zamani, begani kwa mtu.

Reli ya kwanza kuligusa ziwa ilitoka Mombasa, ikafika Kisumu mwezi wa Desemba 1901. Kwa miaka mingi baada ya hapo mazao ya Mwanza yalipanda meli kwenda Kisumu, kisha yakapanda treni kwenda pwani ya Kenya. Huku kwetu reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la kutoka Tabora kwenda Mwanza lilikamilika mwaka 1928. Reli ikafika kwenye maji, ikakoma.

Hapo ndipo Sengerema ilipopata kuwa "ng'ambo" kwa maana mpya. Zamani kila upande ulikuwa ng'ambo ya mwenzake. Tangu 1928 upande mmoja ukawa na stesheni, bandari, benki na ofisi za wakubwa, na upande wa pili ukawa wa kuvuka kwenda kuomba. Pamba ikilimwa Buchosa, njia yake ya kuifikia dunia ni Mwanza. Dhahabu nayo ilikuwa huku: mgodi wa Geita wa zama za Mwingereza ulifanya kazi kuanzia 1936 mpaka 1966. Mali ilikuwa magharibi ya maji, mlango wa kutokea ukawa mashariki.

Watu nao walivuka. Kuanzia mwaka 1947 Mwingereza aliendesha mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma, na sehemu yake mojawapo ilikuwa kupunguza msongamano wa watu na ng'ombe kwa kuwaelekeza Geita, ambako vichaka vilifyekwa ili kuwafukuza mbung'o. Wakati huo Sengerema ilikuwa ndani ya wilaya ya Geita. Ndiyo maana leo ukienda Sengerema unasikia Kisukuma sokoni kama uko Kwimba. Familia nyingi za huku, ukizifuatilia vizazi viwili au vitatu nyuma, utakuta historia yao inaanzia ng'ambo.

Na siasa pia ilivuka. TANU ilipigwa marufuku Usukumani tangu 1954. Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ikalazimisha Geita iwe na baraza la wilaya la mchanganyiko wa Waafrika, Waasia na Wazungu. Wananchi wakakataa. Maelfu wakatoka, wakaenda Mwanza kwa mkuu wa jimbo na kupiga kambi pale mjini, mpaka polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Angalia jambo moja hapo, msomaji. Kero ilikuwa Geita, lakini mwenye kuisikiliza alikaa mwisho wa reli. Hata hasira ilibidi isafiri.

Sasa nirudi kwenye hoja ya stesheni, maana najua kuna anayesema mwandishi huyu anacheza na maneno. Reli yenyewe ililiona ziwa kama sehemu ya njia yake. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki ndilo lililokuwa na meli za ziwani. MV Victoria ya mwaka 1961 ilikuwa yao, na katika miaka hiyohiyo ya sitini ikaja MV Umoja, meli ambayo mabehewa ya treni yanaingizwa tumboni mwake yakiwa juu ya reli. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, meli za upande wetu zikabaki mikononi mwa Shirika la Reli Tanzania kwa miaka ishirini hivi. Kwa hiyo kwa mtu wa kanda hii, reli na maji ni ndugu wa tumbo moja. Pantoni ya Busisi haikuwa mali ya reli, ni kweli. Ilikuwa mali ya barabara, na katika miaka yake ya mwisho ilikuwa chini ya TEMESA, wakala wa serikali ulioanzishwa mwaka 2005. Lakini kazi yake ilikuwa ileile, kuunganisha mahali ambapo njia imekatika.

Ajali moja iliizidishia pantoni hiyo abiria. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu kabisa na Mwanza. Waliokufa wanahesabiwa kuwa zaidi ya 800. Jamani, hapana mtu wa kanda ya ziwa asiyemjua mtu aliyempoteza mtu siku ile. Baada ya hapo wengi waliapa kutokanyaga tena meli ya usiku. Wakachagua basi. Na basi la Bukoba na Mwanza lilipita wapi? Kigongo na Busisi. Mtu aliyekimbia maji ya usiku kucha akajikuta anayavuka yaleyale kwa nusu saa, amesimama kando ya basi, moyo mkononi.

Basi liliteremka mpaka ufukweni, abiria wakaambiwa washuke. Foleni ya malori ilikuwa ndefu. Hapo wenyeji ndipo walipoanza kazi. Sato wa kukaanga, mihogo, karanga, ndizi, mananasi, soda ya baridi, maji. Kijana alikimbia na dirisha la basi kabla halijasimama sawasawa. Mama lishe alijua kwa kutazama urefu wa foleni kama wali wa pili uinjikwe au usiinjikwe. Wachukuzi, wahubiri, wauza dawa za miti shamba, wachezeshaji wa karata tatu, wote walikuwa na chao. Mji mzima uliishi kwa kitu kimoja: watu walikuwa wanachelewa.

Na hapa ndipo penye mwiba wa historia hii. Kuchelewa kule kulikuwa riziki kwa huyu na msiba kwa yule. Katika foleni hiyohiyo alikuwemo mjamzito anayepelekwa hospitali kubwa ya Bugando, ng'ambo. Alikuwemo mgonjwa aliyefungwa dripu. Alikuwemo mvuvi ambaye samaki wake wanaharibika kwa jua, na mwanafunzi ambaye mtihani haumsubiri. Aliyeikosa pantoni ya mwisho ya usiku aliisubiri asubuhi, aumwe asiumwe. Kwa hiyo mtu asije akatuandikia shairi la kulilia pantoni kama vile ilikuwa pambo. Ilikuwa mlango, na mlango huo ulikuwa na saa za kufungwa.

Serikali ilijaribu kuupanua. MV Sengerema na MV Misungwi zilifanya kazi pale, na mwaka 2018 ikaongezwa MV Mwanza, iliyoundwa Mwanza kwetu na kampuni ya Songoro, yenye uwezo wa kubeba abiria 1,000 na magari 36. Mwaka huohuo, tarehe 20 Septemba, pantoni nyingine ya ziwa hili, MV Nyerere, ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara ikiwa imejaza kupita kiasi, wakafa watu zaidi ya 220. Baada ya hapo nani tena angesema kwamba kuongeza vyombo kunatosha?

Jiwe la msingi la daraja liliwekwa na Rais John Magufuli tarehe 7 Desemba 2019. Yeye mwenyewe ni mtu wa Chato, kwa hiyo barabara hii ilikuwa njia ya kwao. Alifariki Machi 2021 bila kuliona limekamilika. Kampuni za Kichina ziliendelea, na tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan akalizindua: kilometa 3 za daraja, kwa gharama inayozidi shilingi bilioni 700, likiwa na jina la marehemu. Safari iliyokula saa mbili pamoja na foleni ikawa dakika chache tu. Basi halishuki tena ufukweni. Linapita juu, madirisha yamefungwa, na abiria wengine hata hawaamki.

Je, stesheni inapofungwa kinachobaki ni nini? Nchi yetu ina mfano. Kule kusini Mwingereza alijenga reli kutoka Mtwara kwenda Nachingwea kwa ajili ya mpango wake wa karanga. Mpango ukafa mwaka 1951, na miaka ya mwanzo ya uhuru reli nayo ikang'olewa. Iliyofungwa ile ilifungwa kwa sababu kilichokusudiwa kilishindikana. Busisi ni kinyume chake. Imefungwa kwa sababu haja yake imetimizwa vizuri zaidi. Hiyo ndiyo inayofanya iwe rahisi kusahauliwa. Kushindwa huandikiwa ripoti na tume. Kinachozidiwa na kizuri hakiandikiwi kitu. Anayekililia anaonekana hapendi maendeleo, basi ananyamaza.

Vitabu vya serikali vitahifadhi tani za pantoni, idadi ya magari na majina ya waliokata utepe. Sawa, ni kazi yao. Lakini yule mama lishe aliyesomesha watoto kwa foleni hayumo katika hesabu hizo, na mgonjwa aliyekata roho akitazama taa za Kigongo ng'ambo hayumo pia. Wote wawili ni historia ya Busisi, na hauwezi kumwandika mmoja kwa haki ukimficha mwenzake. Ukimwandika mama lishe peke yake utaonekana unatamani watu waendelee kuchelewa. Ukimwandika mgonjwa peke yake utaandika risala ya uzinduzi.

Vijana wenzangu tunaojifunza kalamu, tunapenda sana kuandika mambo ya mbali. Tunataka London, tunataka mapenzi ya hotelini. Mbona hapa pana kazi ambayo haitusubiri? Waliofanya kazi kwenye pantoni wapo bado. Waliouza mayai pale kwa miaka mingi wapo, wengine wamehamisha biashara, wengine wamerudi shambani. Nenda ukawaulize. Usiulize "mlijisikiaje," maana utajibiwa "kawaida tu." Uliza beseni la mayai liliuzwa kwa foleni ya saa ngapi. Uliza usiku wa mwisho walifunga saa ngapi, na nani aliondoka wa mwisho. Uliza ni nani waliyewahi kumpisha mbele ya foleni bila kulipwa, na kwa nini.

Kumbuka pia kwamba Juni 2021 ulizinduliwa ujenzi wa reli mpya kutoka Mwanza kwenda Isaka, kilometa 341. Mtu wa Sengerema ataifuata treni hiyo kwa kupita juu ya daraja. Mtoto wake akimuuliza kule chini ufukweni palikuwa na nini, ajibu nini? Kama hatujaandika, atasema palikuwa na maji tu.