Mkate wa Sikukuu Hautambuliwi kwa Umbo Lake

Hala, mkate wa Sabato wa Wayahudi, na tsoureki, mkate wa Pasaka wa Wagiriki, ikiwekwa meza moja hudhaniwa mapacha: yote miwili imesukwa kama nywele, imepakwa yai, inang'aa kahawia. Wapo wanaosema basi ni mkate mmoja wenye majina mawili. Mimi nasema umbo pekee ni ushahidi haba. Msuko huigwa kwa jirani kwa siku moja. Asili ya mkate imo katika sheria inayoamua kipi kiingie kwenye unga.

Katika Biblia, kitabu cha Hesabu 15, hala ni fungu la donge linalotengwa kwa ajili ya makuhani, si mkate wenyewe. Mkate wa Sabato unaitwa hivyo katika Leket Yosher, kitabu cha karne ya 15 cha mwanafunzi wa rabi wa Austria, na msuko ulizoeleka kwa Wayahudi walioishi kati ya Wajerumani, waliokuwa na mikate yao ya kusuka. Umbo na jina vikabadilika, amri ikabaki. Hadi leo, anayekanda unga mwingi nyumbani husoma baraka, humega kipande kama zeituni, kisha hukiteketeza, kwa kuwa Hekalu la Yerusalemu lilibomolewa mwaka 70 na hakuna tena kuhani wa kukila kwa usafi unaotakiwa. Kwa desturi hukandia mafuta, si siagi wala maziwa, maana mkate huo huliwa pamoja na nyama, na sheria yao hairuhusu nyama na maziwa mlo mmoja.

Tsoureki ni kinyume chake kabisa. Waorthodoksi hufunga Kwaresima nzima bila nyama, maziwa wala mayai, na kuku hawaachi kutaga. Pasaka ikifika, maziwa na mayai yaliyokatazwa hukandwa pamoja, yakatiwa kokwa za mcheri zilizosagwa na utomvu wa mastiki wa kisiwa cha Chios. Yai lililopakwa rangi nyekundu Alhamisi Kuu hukitwa katikati ya msuko, ishara ya damu ya Kristo. Hata jina limetoka kwa Waturuki, wanaosema çörek, wala hilo halijaupunguzia mkate huo Ukristo wake.

Atakayepinga atatutajia Thessaloniki, mji wa Ugiriki, na hoja yake ni nzito. Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492 walioka huko folares kwa sikukuu ya Purimu: yai zima lililofungwa kwa vipande vya unga. Ureno, folar ni mkate wa Pasaka ya Wakristo, nao una yai. Je, hapo sheria iko wapi? Iko katika kalenda na katika kisa kinachosimuliwa mezani. Kwa Mkristo, yai ni ufufuo. Kwa Myahudi wa Thessaloniki, yai lile ni Hamani, adui wa Esta, akiwa gerezani. Umbo lilivuka mpaka wa dini, maana ikabaki ya wenye nyumba.

Mwaka 1943 Purimu iliangukia Machi 21. Treni ya kwanza ya kuwapeleka Wayahudi wa Thessaloniki Auschwitz, kambi ya maangamizi ya Wanazi, ilikuwa imeondoka Machi 15, na kufikia Agosti zaidi ya watu 40,000 walikuwa wamechukuliwa. Tsoureki zenye yai jekundu zingali zinauzwa katika mji huo kila Pasaka. Wengi wa waliojua kuoka yai la Hamani hawakurudi.