Ng'ombe Kinyumenyume

Waswahili waligeuza maneno kabla ya kompyuta. Katika karne ya 19, mmisionari Edward Steere alieleza kinyume, mchezo wa siri wa Zanzibar: silabi ya mwisho hutangulizwa, nyumba ikawa mbanyu. Mchezaji hatenganishi mb wala ny, kwa kuwa anageuza anachokisikia.

Lugha ya programu ya Python, tangu toleo la 2.3 la mwaka 2003, hugeuza neno kwa alama chache tu, [::-1]. Husoma herufi mojamoja kutoka mwisho. Niliipa ng'ombe, neno la kila siku kwetu Bariadi, ikanirudishia ebmo'gn. Mcheza kinyume angesema mbeng'o. Kinywani ng' ni sauti moja. Kwa mashine ni alama tatu.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1920, taasisi moja ya London ilipendekeza Alfabeti ya Afrika, ambamo sauti hiyo ina herufi yake, ŋ. Kiswahili sanifu, kilichopata kamati ya kukisimamia mwaka 1930, kikabaki na ng', inayoandikika kwa taipureta yoyote.

Kwa Wasukuma wa Simiyu hilo si dogo. Ng'wana, yaani mwana, hutangulia majina mengi, kama la mganga maarufu Ng'wanamalundi. Programu inayohesabu herufi tupu huyavunja katikati. Ifundishwe kwanza kugawa silabi, ndipo igeuze. Watoto wa Zanzibar walifanya hivyo bila kompyuta.