Kuchanga kabla ya kuugua: Safari ndefu ya matibabu kwa wote

Alfajiri kituoni Buhongwa, jijini Mwanza, abiria wa daladala unaweza kuwatambua kwa walichobeba. Huyu ana tenga la nyanya, yule ndoo ya dagaa. Pembeni amesimama mama mwenye mtoto mgongoni, mkononi ameshika daftari dogo lililokunjwa katikati. Hilo ni daftari la hospitali. Atapita Mkolani, Nyegezi na Mkuyuni, kisha apande kilima cha Bugando, iliko hospitali.

Nauli anayo. Linalomkosesha usingizi ni lile atakaloambiwa dirishani: alipe kiasi gani? Taifa limelihangaikia swali hilo kwa zaidi ya nusu karne.

Baada ya Uhuru, Mwalimu Nyerere aliyataja maradhi kuwa miongoni mwa maadui watatu, pamoja na ujinga na umaskini. Azimio la Arusha la 1967 likaelekeza nguvu vijijini. Zahanati zikajengwa, waganga wasaidizi na wakunga wakafundishwa, na matibabu ya Serikali yakatolewa bure. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ikawakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio. Kipindi kikiisha, waliingia kazini kuchimba vyoo na kusafisha visima.

Hospitali ya Bugando yenyewe ilipita katika mabadiliko hayo. Kanisa Katoliki liliifungua mwaka 1971, Serikali ikaichukua 1972, kisha ikairejesha kwa maaskofu 1985, ikiendelea kuwa hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa.

Septemba 1978 mataifa yalikutana Alma-Ata, katika Kazakhstan ya leo, yakaahidi afya kwa wote ifikapo mwaka 2000. Tanzania ilikwenda huko ikiwa na cha kuonyesha. Lakini mwezi uliofuata majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivamia Kagera. Gharama za vita, bei ya mafuta na kuporomoka kwa bei za mazao viliikausha hazina. Zahanati zilibaki zimesimama, rafu za dawa zikawa tupu.

Mwaka 1993 Serikali ikaanza kutoza ada katika hospitali zake, mpango ulioitwa uchangiaji. Wajawazito na watoto chini ya miaka mitano walisamehewa, na baadaye sera ikawajumuisha wazee wa miaka 60 na kuendelea. Hata hivyo, mgonjwa alitakiwa kutoa fedha siku ileile ambayo hawezi kufanya kazi. Wengi wakasubiri nyumbani mpaka hali ikawa mbaya.

Ndipo ikaja hoja ya kulipa mapema. Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulijaribiwa Igunga kuanzia 1996, na watumishi wa umma wakaanza kuhudumiwa na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya mwaka 2001. Baadaye CHF iliyoboreshwa ikaweka mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Wengi hawakujiunga, na wengine walijiunga wakaacha. Anayeonyesha kadi kisha akaambiwa dawa akanunue dukani hana sababu ya kulipia tena mwaka unaofuata.

Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, inayoweka pia mfuko wa kuwagharimia wasio na uwezo. Ahadi ya matibabu kwa wote imerudi, safari hii kwa njia ya kuchangiana.

Na kuchangiana Buhongwa hakuhitaji kufundishwa. Ukitokea msiba, chini ya turubai huketi mtu mwenye daftari la michango: huyu elfu mbili, yule elfu tano, hadi jua linapozama jeneza limepatikana, usafiri umepatikana. Hakuna anayeuliza kama marehemu alikuwa tajiri au maskini.

Moyo huo ndio msingi wa bima. Kilichobaki ni kuutanguliza. Serikali ihakikishe dawa zipo na maskini wamelipiwa kweli; nasi wenye uwezo tutoe tukiwa wazima. Daftari la michango likifunguliwa mapema, yule mama atapanda Bugando akiwa na wasiwasi mmoja tu: mwanawe apone.