Intaneti ya nyumbani: waya ama hewa?

Wasee, leo tuongee historia kidogo. Unajua kwa nini nyumba nyingi Kenya hazijawahi kuwa na simu ya waya? Enzi za Shirika la Posta na Simu, lililovunjwa 1999, uliomba laini halafu ukangoja. Mtaa mwingine haukuwa hata na nguzo, na penye nyaya za shaba, wezi walizikata wakauze. Simu za mkononi zilipofika, tuliruka hiyo hatua yote.

Intaneti ikafuata njia hiyohiyo. Kabla ya 2009 Kenya ilitegemea setilaiti, polepole na ghali. Mwaka huo kebo za SEACOM na TEAMS zikafika Mombasa kupitia baharini. Lakini kufika Mombasa si kufika kwenu. Wengi waliionja intaneti saiba, kisha kwa modemu ya kuchomeka kwa kompyuta, kisha kwa simu. Safaricom ilileta 4G mwaka wa 2014, na 2022 ikaanza kuuza 5G.

Sasa kuna ruta ya 5G ya nyumbani. Unachomeka kwa stima, basi. Kila mtu anasifu kasi, lakini mimi naangalia nani anaamua. Kwa ploti ninayokaa, mwenye nyumba aliruhusu kampuni moja tu kupitisha waya. Mwaka jana ilizima siku nne, na video ndizo zinanilipia kodi. Kila nikipiga simu naambiwa fundi yuko njiani. Hiyo njia ilikuwa ndefu! Ruta ya 5G haingoji ruhusa ya mwenye ploti, na ukihama unaibeba.

Lakini tusidanganyane. Mnara mmoja unagawia mtaa mzima, kwa hivyo jioni watu wakirudi nyumbani kasi inaweza kushuka. Kuta nene nazo zinapunguza nguvu ya mawimbi. Na mnara wenyewe mara nyingi unalishwa na faiba iliyozikwa chini. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Kwa hivyo waya hautakufa. Kitakachokufa ni kile kiburi cha kampuni inayojua huna pengine pa kwenda. Simu ya mkononi ilitushinda roho sababu haikutuambia tungoje, na anayeuza waya leo akisahau hilo, shauri yake.

Kwenu mnatumia waya ama hewa? Na nani aliwachagulia?