Philip Waruinge: Bingwa wa Nakuru Aliyeshindana kwa Sanaa

Ukimtajia Mkenya Michezo ya Olimpiki, fikra zake hukimbilia riadha. Bonde la Ufa lina haki ya kujivunia hilo, kwa maana ndiko walikotoka Kipchoge Keino, Wilson Kiprugut, Amos Biwott na wengine wengi waliolifanya jina la Kenya kutamkwa kila pembe ya dunia. Hata hivyo Nakuru, mji uliokaa katikati ya bonde hilo, ulitoa bingwa ambaye hakushindania mbio. Philip Waruinge alikuwa bondia. Mjini Mexico City, Oktoba 1968, Kenya ilipata medali 9. Nane zilitoka uwanja wa riadha. Ya tisa ilikuwa shaba yake, nayo ndiyo medali ya kwanza ya Olimpiki ambayo Kenya iliipata katika ndondi.

Shaba hiyo ilikuja na heshima kubwa kuliko yenyewe. Waruinge alikabidhiwa Kombe la Val Barker, tuzo anayopewa bondia aliyeonyesha ustadi na mtindo bora kuwapita wenzake wote wa Olimpiki hizo, bila kujali uzani. Hakuna Mwafrika mweusi aliyekuwa amelipata kabla yake.

Makala haya yanaifuata safari yake kwa hoja moja. Mkimbiaji huamuliwa na saa, na saa haina upendeleo. Waruinge alikuwa katika kundi jingine la wanamichezo, wale ambao kazi yao huamuliwa na macho ya binadamu: mabondia, wapiga mbizi, wanajimnastiki. Ushindi wao hauachi nyuma dakika na sekunde ambazo mtoto wa shule anaweza kuzikariri. Huacha ushahidi wa waliotazama, na ushahidi huo usipohifadhiwa, hupotea.

Mji wa reli na kumbi za mitaani

Reli ya Uganda ilifika Nakuru mwaka 1900, na mwaka 1904 eneo hilo likatangazwa kuwa mji. Kwa zaidi ya nusu karne baadaye Nakuru ilikuwa makao makuu ya walowezi wa nyanda za juu. Ngano, pareto na maziwa ya mashamba ya Njoro, Molo, Rongai na Subukia vilipitia hapo. Wazungu walikuwa na klabu zao za kriketi, gofu na tenisi, na Mwafrika aliingia humo kama mtumishi. Wafanyakazi Waafrika walipangiwa mitaa yao, kama vile Bondeni, Kaloleni na Shauri Yako. Katika mitaa ya namna hiyo, kote nchini, serikali ya kikoloni ilijenga kumbi za jamii kwa ajili ya ngoma, mikutano, sinema na michezo.

Ndondi zilishika mizizi katika kumbi hizo kwa sababu rahisi. Hazikuhitaji uwanja wa nyasi, farasi wala ada ya klabu. Jozi chache za glavu, gunia lililojazwa na kuning'inizwa, kamba ya kuruka na mwalimu mwenye subira vilitosha. Jeshi, polisi, magereza na shirika la reli nao waliupenda mchezo huu, wakatoa mabondia na makocha. Mjini Nakuru ukumbi wa Madison Square Garden, ulioazima jina la ule maarufu wa New York, ukawa makao ya mchezo huo.

Waruinge alizaliwa mwaka 1945. Alikuwa na umri wa miaka saba serikali ya kikoloni ilipotangaza Hali ya Hatari dhidi ya uasi wa Mau Mau Oktoba 1952, na miaka kumi na minne ilipoondolewa Januari 1960. Katika kipindi hicho familia za Wakikuyu katika Bonde la Ufa zilihamishwa kutoka mashambani, zikachujwa na kuwekwa vizuizini. Kizazi chake kilibalehe katikati ya misukosuko hiyo, na uhuru ulipofika Desemba 1963 alikuwa kijana wa miaka kumi na minane, tayari kuingia ulingoni kwa jina la taifa jipya.

Yafaa tutazame kwa karibu kazi ya bondia wa ridhaa wa enzi zile, maana hapo ndipo ukubwa wa Waruinge unapoonekana. Pambano lilikuwa la raundi tatu za dakika tatu, na mapumziko ya dakika moja kati yake. Muda wote wa kazi ulikuwa dakika tisa. Majaji watano waliketi kuuzunguka ulingo, kila mmoja na karatasi yake. Aliyeshinda raundi aliandikiwa alama 20, na mwenzake akapata pungufu kidogo. Konde lililohesabiwa ni lile lililotua kwa vifundo vya ngumi, mbele au ubavuni mwa kichwa, au kiwiliwilini juu ya mkanda. Ngumi ya kiganja haikuwa na thamani, wala iliyopanguliwa kwa mkono. Kumwangusha mpinzani hakukuongeza alama kuliko konde safi la kawaida. Kwa hiyo mchezo ulimtuza mwenye miguu myepesi, anayeingia, kupiga na kutoka kabla hajajibiwa, anayekwepa kwa kuinamisha bega kidogo tu badala ya kurudi nyuma hatua tatu. Ustadi huo hutoka kwenye kazi ya kurudiarudia: kuruka kamba, kupigana na kivuli mbele ya ukuta, kurusha mkono wa mbele mara mia kwa mia mpaka urudi wenyewe kidevuni kuulinda uso.

Tokyo na Kingston

Mwaka 1964, Waruinge akiwa na umri wa miaka kumi na tisa, alikwenda Tokyo na timu ya kwanza ya Olimpiki ya Kenya huru. Alirudi bila medali. Medali pekee ya Kenya katika michezo hiyo ilikuwa shaba ya Wilson Kiprugut katika mbio za mita 800.

Miaka miwili baadaye mambo yalibadilika. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Kingston, Jamaika, mwaka 1966, Waruinge alitwaa dhahabu ya uzani wa unyoya, ambao mwisho wake ni kilo 57. Keino alishinda maili moja na maili tatu huko huko Kingston, na Naftali Temu akashinda maili sita. Sifa za wakimbiaji hao zilienea upesi, lakini dunia ya ndondi nayo ilikuwa imekwisha kuliandika jina la kijana wa Nakuru.

Mexico City, 1968

Ukumbi wa Arena México ulijaa wenyeji Waruinge alipoingia ulingoni kwa nusu fainali. Mpinzani wake, Antonio Roldán, alikuwa Mmeksiko. Baada ya dakika tisa majaji waligawanyika: watatu walimpa Roldán ushindi, wawili wakamwona Waruinge kuwa ndiye bora. Sauti ya jaji mmoja ikamfungia mlango wa fainali. Katika ndondi za Olimpiki hakuna pambano la kutafuta mshindi wa tatu, hivyo Waruinge na Ivan Mihailov wa Bulgaria, aliyeshindwa katika nusu fainali ya pili, wote walipewa shaba. Roldán alitwaa dhahabu baada ya Albert Robinson wa Marekani kuondolewa pambanoni kwa kosa la kutumia kichwa.

Ndipo ukaja uamuzi wa Kombe la Val Barker. Tuzo hiyo, yenye jina la kiongozi wa awali wa shirikisho la ndondi za ridhaa duniani, ilianza kutolewa mwaka 1936. Mwaka 1968 walikuwapo mabingwa wengi wa kuchaguliwa. George Foreman wa Marekani alishinda dhahabu ya uzani wa juu, naye Boris Lagutin wa Usovieti akatwaa dhahabu yake ya pili mfululizo. Kombe likaenda kwa mshindi wa shaba kutoka Nakuru. Kabla ya hapo mshindi wa shaba alikuwa amelipata mara moja tu, naye ni Louis Laurie wa Marekani mwaka ule wa kwanza. Kutoka bara la Afrika, aliyemtangulia Waruinge alikuwa George Hunter, mzungu wa Afrika Kusini, mwaka 1948. Majaji watano wa usiku mmoja walisema lao. Walioyatazama mashindano yote kutoka mwanzo hadi mwisho walisema kwamba bondia stadi kuliko wote alikuwa Mkenya.

Waruinge hakuwa peke yake katika kuonja uchungu wa alama mjini humo. Katika jimnastiki, Věra Čáslavská wa Chekoslovakia alilazimika kugawana dhahabu ya mazoezi ya sakafuni na Larisa Petrik wa Usovieti baada ya alama za Petrik kupandishwa. Ilikuwa miezi miwili tangu majeshi yaliyoongozwa na Usovieti kuivamia nchi yake, na wimbo wa taifa wa Usovieti ulipopigwa Čáslavská aligeuza uso pembeni. Huyu ni mwanamke aliyeondoka Mexico na dhahabu nne, na bado waliomwona wanakumbuka kwanza uso ule uliogeuzwa. Hivyo ndivyo michezo ya majaji inavyokumbukwa: kwa kilichoonekana, zaidi ya kilichoandikwa.

Edinburgh na Munich

Mwaka 1970 Waruinge alikwenda Edinburgh, Uskoti, kuutetea ubingwa wake wa Jumuiya ya Madola. Fainali ilikuwa ya Waafrika Mashariki watupu, kwani mpinzani wake alikuwa Deogratias Musoke wa Uganda. Waruinge alishinda na kubaki na dhahabu. Katika michezo hiyo hiyo Titus Simba wa Tanzania alipata fedha ya uzani wa kati, akizuiwa na John Conteh wa Uingereza. Uganda nayo ilikuwa imekwisha kuvuna medali Mexico kupitia Eridadi Mukwanga na Leo Rwabwogo. Kwa miaka ile, ndondi zilikuwa lugha moja ya miji yetu, kutoka Kampala hadi Dar es Salaam, na Nakuru ilikuwa miongoni mwa shule zake.

Munich, 1972, ndiyo iliyokuwa Olimpiki yake ya tatu. Nusu fainali dhidi ya Clemente Rojas wa Kolombia iliamuliwa kwa majaji watatu kwa wawili, safari hii kwa faida yake. Fainali ilifanyika siku chache tu baada ya mauaji ya wanamichezo, makocha na waamuzi 11 wa Israeli, na mji wote ulikuwa bado na simanzi. Mpinzani alikuwa Boris Kuznetsov wa Usovieti. Uamuzi ukawa tena watatu kwa wawili, na sauti moja ikampa Kuznetsov dhahabu. Waruinge akapokea fedha. Katika michezo hiyo hiyo watazamaji wa jimnastiki walipiga miluzi ya hasira kwa muda mrefu, wakiona Olga Korbut amepunjwa alama kwenye vyuma vyenye kimo tofauti.

Kenya ilirudi na medali 9 kutoka Munich pia, na tatu kati yake zilikuwa za ndondi. Pamoja na fedha ya Waruinge, Samuel Mbugua na Dick Murunga walileta shaba. Njia aliyoifungua peke yake mwaka 1968 ilikuwa imekwisha kupata wapitaji.

Japani na ndondi za kulipwa

Mwaka 1973 Waruinge aliingia ndondi za kulipwa nchini Japani, akipigana kwa jina la Waruinge Nakayama. Miaka mingi baadaye njia ya Japani ingekuwa ya kawaida kwa wanariadha wetu. Douglas Wakiihuri alikwenda huko mwaka 1983 na kuwa bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 1987. Samuel Wanjiru wa Nyahururu, mji jirani wa Nakuru, alikwenda akiwa mwanafunzi, akaishia kuipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya marathoni ya Olimpiki mwaka 2008. Waruinge aliwatangulia wote wawili.

Ndondi za kulipwa ni mchezo mwingine. Raundi ni nyingi, uvumilivu wa makonde mazito una thamani kubwa zaidi, na ustadi wa dakika tisa hautoshi. Aprili 1976 alipanda ulingoni mjini Panama kuwania mkanda wa kwanza wa dunia wa Baraza la Ndondi la Dunia (WBC) katika uzani wa bantamu ya juu. Rigoberto Riasco wa Panama, akiwa kwao, alimshinda kabla raundi hazijaisha. Mkanda wa dunia haukuwahi kuwa wake. Kipimo chake cha haki kinabaki kile cha ndondi za ridhaa, alikokuwa fundi asiye na mfano.

Nafasi yake katika urithi wetu

Ibrahim Bilali alipata shaba Los Angeles mwaka 1984. Seoul, 1988, Robert Wangila alishinda dhahabu na Chris Sande akapata shaba. Ukizijumlisha zote, Kenya ina medali saba za ndondi katika Olimpiki, na hizo ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo nchi hii imewahi kuzipata nje ya riadha. Mbili kati ya hizo saba ni za Waruinge. Hakuna bondia mwingine wa Kenya mwenye zaidi ya moja.

Nakuru ilipandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 2021. Jiji huheshimiwa kwa barabara na majengo yake, lakini pia kwa kuwajua watu wake. Wazee waliokaa kwenye mabenchi ya kumbi zile, walioshika taulo na ndoo kwenye pembe za ulingo, na waliofuatilia mapambano ya Mexico kwa redio, wanapungua kila mwaka. Picha, vipande vya magazeti na vikombe vya mashindano ya mitaani vimo majumbani mwa watu, na vingi vitatupwa siku ya kuhama nyumba. Wasimamizi wa makumbusho, walimu wa historia na viongozi wa kaunti wana kazi ya kukusanya haya sasa. Nawe msomaji, ikiwa kuna mzee wa Bondeni au Kaloleni aliyemwona Waruinge akipigana, mtafute wiki hii, mwulize alichokiona, na uyaandike majibu yake.