Swali Lililowapatanisha Ndugu: Aleksandria, Mwaka 362



Yako mabishano ya dini yanayofanana na mwendo wa ngamia wa kinu cha mafuta: anatembea mchana kutwa, na jioni anafunguliwa pale pale alipofungwa asubuhi. Mojawapo twalifahamu sote. Ndugu wa kilokole anamwuliza jirani yake Mkatoliki, "Je, umeokoka?" Mkatoliki anajibu kwamba hakuna aokokaye hapa duniani; hilo litajulikana siku ya kufa. Wa kwanza anaondoka akiamini kwamba jirani yake hamjui Kristo. Wa pili anabaki akiamini kwamba mwenzake amejaa kiburi na kujihesabia utakatifu. Mwaka unapita, wanakutana tena msibani, na maneno ni yale yale. Wapo hata watoto wa mama mmoja ambao neno hilo limewazuia kusali pamoja.

Juma hili twapenda kutafakari pamoja nanyi tukio moja la historia ya Kanisa lisilosimuliwa mara nyingi. Ni sinodi ndogo iliyofanyika Aleksandria, nchini Misri, mwaka 362, chini ya Mtakatifu Atanasi. Sinodi hiyo haikutunga Kanuni mpya ya Imani. Jambo lake kuu, ambalo kwalo twaikumbuka leo, ni kwamba iliuliza swali, ikasubiri jibu, na ikalipokea.

Vita vya usiku

Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325 ulikuwa umekwisha kuyakataa mafundisho ya Ario, padre wa Aleksandria, aliyefundisha kwamba Mwana ni kiumbe na kwamba palikuwa na wakati ambapo hakuwako. Mtaguso ulikiri kwamba Mwana ana umungu mmoja na Baba. Hata hivyo, kwa zaidi ya nusu karne baada ya hapo Kanisa la Mashariki halikupata utulivu. Makaisari waliingilia mambo ya imani, maaskofu waliondolewa na kurudishwa, na Mtakatifu Atanasi mwenyewe alifukuzwa katika jimbo lake mara tano, chini ya makaisari wanne, akakaa uhamishoni jumla ya miaka ipatayo 17.

Sehemu ya vita hivyo ilikuwa ya lazima. Wafuasi wa Ario walikana jambo ambalo Mkristo hawezi kuliacha. Kama Mwana si Mungu, basi aliyetufia msalabani ni kiumbe mwenzetu, na kiumbe hawezi kutuunganisha na Mungu. Lakini sehemu nyingine ya vita hivyo ilikuwa ni kupigana gizani. Sokrate, mwanahistoria wa Kanisa aliyeandika mjini Konstantinopoli katika karne ya 5, aliyafananisha mabishano ya miaka ile na mapigano ya usiku, ambamo hakuna upande uliojua hasa unampiga mwenzake kwa kosa gani.

Giza hilo lilitokana kwa sehemu kubwa na neno moja la Kigiriki, "hipostasi". Asili yake ni kile kinachokaa chini na kushikilia kitu, mfano wa msingi chini ya nyumba. Wengine walilitumia kwa maana ya uhalisi wa ndani wa kitu, sawasawa na neno jingine, "ousia". Hata Mtaguso wa Nisea, katika kuwalaani Waario, uliyataja maneno hayo mawili kana kwamba ni kitu kimoja. Kwa watu hao, kusema "hipostasi moja" kulikuwa ni kukiri kwamba Mungu ni mmoja. Wengine walilitumia kwa maana ya yule aliyepo kweli kwa namna yake mwenyewe, maana ambayo sisi katika Kiswahili tumezoea kuitaja kwa neno Nafsi. Kwa hao, kusema "hipostasi tatu" kulikuwa ni kukiri kwamba Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu si majina matatu matupu.

Basi, waliosema "moja" walipowasikia wenzao wakisema "tatu", masikioni mwao ililia sauti ya miungu watatu, au ya Ario mwenyewe. Waliosema "tatu" walipowasikia wenzao wakisema "moja", walimsikia Sabelio, mzushi wa karne ya 3, aliyefundisha kwamba Mungu ni mmoja anayejionyesha kwa sura tatu tu. Kwa Wakristo wa lugha ya Kilatini mambo yalizidi kuwa magumu, maana neno hilo likitafsiriwa kipande kwa kipande kwa Kilatini linatoa "substantia", na hilo ndilo neno walilotumia kwa uhalisi mmoja wa Mungu. Kila upande ulikuwa na sababu ya kuogopa. Na kila upande ulipojibu, ulijibu uzushi ambao mwenzake hakuwa ameusema.

Jeraha lilionekana zaidi mjini Antiokia, mji ule ambamo wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Mbali na Waario, walikuwako humo waamini wa makundi mawili. Kundi moja liliongozwa na padre Paulino na lilisema "hipostasi moja". Kundi la pili lilimfuata askofu Melesi na lilisema "hipostasi tatu". Wa kwanza walimshuku Melesi pia kwa sababu watu wa upande wa Ario walikuwa na mkono katika kumpatia kiti cha uaskofu, ingawa alipohubiri imani ya kweli walimfukuza mara. Makundi yote mawili yalikiri imani ya Nisea, lakini hayakushiriki altare moja.

Swali la Atanasi

Mwishoni mwa mwaka 361 Juliani, aliyekuwa ameiacha imani ya Kikristo, alitwaa ukaisari. Aliwaruhusu maaskofu wote waliofukuzwa warudi kwao. Amiano, mwanahistoria wa zama zile asiyekuwa Mkristo, anaeleza kwamba Juliani alitumaini uhuru huo ungeuzidisha ugomvi wa Wakristo na kuwadhoofisha. Tulitie hilo moyoni: adui wa Kanisa hakuona haja ya upanga, akatosheka kungoja tugombane wenyewe.

Atanasi alirejea Aleksandria mwezi Februari mwaka 362. Mtu aliyeteswa miaka mingi hivyo angeweza kutumia nafasi ile kulipa kisasi. Lakini miaka mitatu kabla, mwaka 359, alikuwa amekwisha kuandika kwamba wale wanaoikubali imani ya Nisea na kulionea shaka neno lake moja tu wasihesabiwe kuwa maadui, bali ndugu wa kujadiliana nao. Sasa aliyatenda aliyoyaandika. Akawakusanya maaskofu wapatao 20, pamoja na wajumbe wa pande mbalimbali, na barua waliyowapelekea Waantiokia tunayo hata leo.

Barua hiyo yasimulia jinsi mambo yalivyokwenda. Kwanza waliulizwa wale waliosema "tatu". Je, mna maana ya tatu zilizotengana na zisizo za asili moja, kama vile dhahabu, fedha na shaba? Je, mna maana ya miungu watatu? Wakajibu kwamba hawasemi hivyo, wala hawajawahi kuwaza hivyo. Wao wanakiri Utatu ulio kweli na si wa jina tu, na umungu mmoja. Kisha wakaulizwa wale waliosema "moja". Je, mna maana ya Sabelio, yaani kumfuta Mwana na kumfuta Roho Mtakatifu? Nao wakajibu kwamba sivyo; kwao hipostasi na ousia ni neno moja, nao wanasema "moja" kwa sababu Mwana anatoka katika uhalisi wa Baba. Kila upande ukayakubali maelezo ya mwenzake, na wote wakapatana kwamba maneno ya Nisea yanatosha.

Tuangalie sinodi ilivyotenda. Haikuwauliza wapinzani maana ya maneno ya mtu. Ilimwuliza mwenye maneno. Tena haikuificha hofu yake nyuma ya adabu. Iliitaja hofu hiyo waziwazi, ili mwenzake apate nafasi ya kuikana waziwazi. Na jibu lilipotolewa, halikuambiwa kwamba ni la uongo.

Lakini pia haikufundisha kwamba tofauti zote ni za maneno tu. Mtu aliyetaka ushirika alipaswa kuukataa uzushi wa Ario, kuikiri imani ya Nisea, na kuwakataa wanaosema kwamba Roho Mtakatifu ni kiumbe. Swali la Atanasi halikuuondoa mpaka kati ya ukweli na uongo; liliufanya uonekane ulipo hasa. Kabla ya swali, ndugu na mzushi walikuwa katika giza moja. Baada ya swali, ilijulikana nani ni nani.

Barua iliyochelewa

Ingependeza kama habari ingeishia hapo. Lakini Lusifa, askofu wa Cagliari katika kisiwa cha Sardinia, hakuja Aleksandria. (Jina lake kwa Kilatini ni "mleta nuru", wala halikuwa la kashfa siku zile.) Alikuwa mtetezi shupavu wa Nisea, naye alikuwa ametoka uhamishoni huko huko Misri. Aliwatuma mashemasi wawili kwenye sinodi, na yeye akaenda Antiokia moja kwa moja, akamweka Paulino wakfu kuwa askofu. Mtakatifu Eusebi wa Vercelli alipowasili na barua ya amani mkononi, akakuta mji una maaskofu wawili wa imani moja.

Mtu mwenye imani sahihi na ujasiri wa kweli hakungoja jibu, na gharama yake ilikuwa kubwa. Roma ilikuja kumtambua Paulino, wakati sehemu kubwa ya Mashariki, pamoja na Mtakatifu Basili, ilisimama na Melesi. Karibu na mwaka 376 Mtakatifu Yeronimo, akiwa jangwani Siria, alimwandikia Papa Damaso akilalamika kwamba anashurutishwa kusema "hipostasi tatu", neno aliloliogopa. Mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 381 ulianza chini ya Melesi mwenyewe, naye akafa ungali ukiendelea. Farakano halikufa naye. Lilikuja kuponywa karibu na mwaka 415, zaidi ya miaka 50 baada ya barua ya Aleksandria.

Na leo, ndugu wapendwa, Kanisa linawaheshimu kama watakatifu Melesi na Basili, hali kadhalika Damaso na Yeronimo. Watu waliosimama pande mbili za farakano moja wanaombwa na Kanisa moja.

Sisi nasi

Turudi basi kwa neno "kuokoka", tukaulize kama alivyouliza Atanasi. Ndugu usemaye kwamba umeokoka, je, una maana kwamba huwezi tena kutenda dhambi, wala huhitaji tena kutubu? Wengi wao watajibu kwamba sivyo. Wana maana kwamba wamempokea Kristo, wakaiacha njia ya zamani. Na wewe Mkatoliki usemaye kwamba hakuna kuokoka duniani, je, una maana kwamba Ubatizo wako haukufanya kitu, na kwamba msalaba wa Kristo haujakugusa bado? Hasha. Una maana kwamba safari haijaisha, na mtu aweza kuanguka njiani. Kanisa lafundisha kwamba katika Ubatizo tumekwisha kuokolewa, kwamba kwa neema tunaendelea kuokolewa, na kwamba twatumaini kuokolewa kabisa siku ile ya mwisho. Mtume Paulo anasema juu ya wokovu kwa nyakati zote tatu.

Baada ya kuulizana hivyo tofauti hazitakwisha zote. Zitabaki zile za kweli: juu ya Kanisa na mamlaka yake, juu ya sakramenti, juu ya sala kwa ajili ya marehemu. Hizo zinastahili mazungumzo marefu, na hatuna ruhusa ya kuzifunika kwa ajili ya kupendana. Lakini ni heri kutofautiana juu ya jambo ambalo mwenzetu analiamini kweli kuliko kushindana miaka 20 na jambo ambalo hajalisema.

Kwa hiyo twawasihi, katika jumuiya zenu ndogo ndogo na katika nyumba zenu, mwenzako akitamka neno linalokuchoma, usikimbilie kujibu kama Lusifa alivyokimbilia Antiokia. Mwulize kwanza ana maana gani. Itaje hofu yako bila matusi. Akikujibu, mwamini, mpaka matendo yake yaonyeshe vingine. Kisha, kama bado ipo tofauti, mweleze imani yako yote bila kupunguza.

Mtakatifu Atanasi, uliyeilinda imani bila kumpoteza ndugu, utuombee.

Tumsifu Yesu Kristo. Milele na milele. Amina.