Ua Jeupe Mkononi

Nyuma ya mkono wangu wa kulia kuna ua jeupe. Nilichorwa kwa piko usiku wa kuamkia harusi ya binamu yangu. Siku ya tatu mkono ukavimba, ukatoa malengelenge, na magamba yalipodondoka yaliacha ua lilelile, petali kwa petali, ila bila rangi. Miaka minne sasa.

Nyanya yangu wa Nanighi aliliangalia akasema, "Hiyo si hina, mjukuu wangu. Umepakwa kitu kingine."

Nyanya anajua. Mhina huota wenyewe kwenye laga na kingo za Mto Tana. Majani huchumwa, yakaanikwa kivulini, yakatwangwa, yakachungwa, unga ukakandwa kwa ndimu. Rangi yake hutoka njano ya machungwa, kisha hukolea siku moja au mbili baadaye. Nyeusi tititi, papo kwa papo? Haipo.

Jina lenyewe tumelipata kwa Waarabu. Mwaka 1753 Msweden Carl Linnaeus akauita mmea huo Lawsonia inermis, na ndiyo maana kemikali yake ya rangi inaitwa lausoni. Lausoni hushikana na keratini, ile protini ya tabaka la juu la ngozi, ambalo tayari limekufa. Viganja na nyayo zina tabaka nene, ndiyo maana hukolea zaidi. Melanini, rangi yetu ya kuzaliwa, iko chini zaidi na hina haiigusi. Ngozi ikijibambua, rangi inaondoka nayo. (Mtoto mchanga msimpake lakini. Wapo wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, na kwao lausoni inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu.)

Piko ya siku hizi ina ukoo tofauti kabisa. Nyingi ni ule unga mweusi wa kupaka nywele, na ndani yake mna PPD, kemikali iliyozaliwa katika maabara za Ulaya karne ya 19, wakati wanakemia walipokuwa wakitoa rangi kwenye lami ya makaa ya mawe. Umoja wa Ulaya unairuhusu kwenye nywele tu, isizidi asilimia 2. Saluni zetu huikoroga kwa macho, halafu inaitwa "hina nyeusi". Jina hilo ndilo lililonidanganya mimi. Nani aiogope hina? Kumbe kwa baadhi yetu PPD huunguza na kuharibu seli zinazotengeneza melanini.

Idi iliyopita nilikuwa Nanighi. Nyanya alipaka kucha zake, akanivuta mkono, akafunika ua lote kwa hina bila kuniuliza. Asubuhi likawa jekundu sawa na ngozi ya pembeni, kwa sababu keratini ninayo bado. Niliutembeza huo mkono kila nyumba.

Wiki ya pili ua likaanza kurudi, petali ya kidole gumba kwanza.